Zamu Thelathini na Moja za Mzee Tharcisse

Baba Mchungaji, wazee wa ushirika, majirani wa Pickering, ndugu mliotoka Brampton na St. James Town tangu asubuhi, na ninyi mliosimama nyuma kwa sababu viti havikutosha, familia inawashukuru kwa kuja, na inaomba mvumilie, kwa kuwa historia hii ni ndefu kuliko ilivyozoeleka, na marehemu mwenyewe alisomewa karibu yote kabla hajatutoka, akairekebisha mahali pawili, akaagiza isomwe kama ilivyo, bila kupambwa.

Mzee Tharcisse Ndabaneze alizaliwa kilimani Gasenyi, Mabanda, kusini mwa Burundi, mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Melkioro Barandereka na mama Sabina Nzeyimana. Karatasi zake zote, kuanzia ile ya ukimbizi hadi pasipoti ya Kanada, zinasema ni tarehe 1 Januari 1957, lakini tarehe hiyo aliandikiwa na karani aliyekuwa na foleni ndefu na haraka ya kwenda kula, na mama yake alisema siku zote kwamba alimzaa wakati wa kuvuna maharage, mwaka uliofuata. Mkewe naye aliandikiwa tarehe hiyohiyo na karani huyohuyo, hata mwaka 2008 mwanamke wa mapokezi katika kliniki moja ya hapa mjini alimwuliza Mama Generoza, kwa adabu kabisa, kama yeye na huyu mzee ni mapacha. Familia inatanguliza jambo hili ili ijulikane kwamba tarehe nyingine zote zitakazosomwa hapa zimehakikiwa, hiyo ya kwanza tu ndiyo haikuwezekana.

Mwaka 1972, akiwa na miaka kumi na minne, alitembea siku sita na mama yake na wadogo zake wawili hadi Tanzania, baba yake hakufika, na kwa kuwa marehemu hakupenda kueleza zaidi ya hapo, familia nayo haitaeleza. Walipelekwa kwa lori katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, Barabara ya Saba, ambako alianza darasa la tatu akiwa mrefu kuliko mwalimu wake, akamaliza darasa la saba Novemba 1978, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili hiki ambacho baadaye aliwasahihishia watu wengi waliomo humu ndani, wakiwemo wachungaji. Kuanzia Februari hadi Oktoba 1980 alisoma kozi ya wahudumu wa afya wa vijijini, Tabora mjini, akarudi na cheti, na mizani ya kupimia watoto aliyoibeba begani kutoka kituo cha basi.

Mwaka 1981 watu wa Barabara ya Saba walichoma matofali, wakajenga zahanati yao, wakamweka yeye kuwa mhudumu. Ufunguo wa stoo ya dawa ulitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa nyumba yake, na kila mzazi alijua msumari ule ulipo, kiasi kwamba hata asipokuwepo mwenyewe, jirani anayejua kusoma aliweza kuuchukua, akafungua, akatoa dawa, akaandika daftarini. Ni katika zahanati hiyo alikokutana na Generoza Ntirampeba, aliyekuwa amempeleka mtoto wa dada yake kupimwa uzito, na ambaye husema mpaka leo kwamba mtoto yule alipimwa mara tatu siku ile pasipo sababu yoyote ya kitabibu. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Septemba 1982, wakajaliwa watoto watatu, Prudence aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1984, Destin tarehe 9 Februari 1988, na Fabrice tarehe 27 Agosti 1991.

Wengi wenu mmemfahamu marehemu kwa msimamo wake, na wachache mmejua ulikotoka, kwa hiyo hapa tutakwenda polepole.

Mwaka 1989 shirika moja la misaada lilipokea ile zahanati, likaweka mlango wa chuma na jenereta, likampa kila mtoto kadi ya kijani ya kutibiwa bure, na marehemu alifurahi kuliko wote, watoto wake walikuwa wa kwanza mstarini. Tarehe 30 Juni 1992 mkataba wa shirika uliisha, dawa zikafungiwa stoo kusubiri makabidhiano, na ofisa aliyekuwa na ufunguo akaenda nao mjini kwa siku mbili, akakaa kumi na sita. Jumamosi tarehe 11 Julai Destin alishikwa na homa ya malaria, ikampanda kichwani, na masanduku ya kwinini yalionekana kwa macho kupitia wavu wa dirisha. Jumatatu asubuhi marehemu na wanaume wawili walishindwa kuvunja mlango wa chuma, wakabomoa ukuta walioujenga kwa mikono yao, wakaifikia dawa saa tatu nzima baada ya mtoto kufa, na kadi yake ya kijani ilikuwa bado kwenye mfuko wa shati. Tangu siku hiyo Mzee Tharcisse hakumwamini mtu yeyote aliyemwambia kwamba watoto watatunzwa na ofisi, iwe ya nani, iwe nzuri namna gani, na alikuwa na sentensi moja ambayo watoto na wajukuu wake waliisikia hadi wakachoka, kwamba ofisi haina ubaya, ila haimjui mtoto kwa jina, na siku ikifunga mlango haiulizi ni nani aliyebaki nje.

Tarehe 12 Novemba 2008 familia iliingia Toronto, watu watano, yeye, mkewe, Prudence na binti yake Inès wa miaka mitano, na Fabrice, wakapangiwa nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya kumi na tisa, St. James Town. Kuanzia Aprili 2009 alifanya kazi katika kiwanda cha mikate Brampton, mabasi matatu kwenda na matatu kurudi, hadi Juni 2013 alipoajiriwa katika nyumba ya wazee Pickering, kwanza kama msafishaji, baadaye kama mhudumu, akahamishia familia huko mwaka 2016, na akastaafu tarehe 1 Januari 2022 akiwa na miaka sitini na mitano kwa hesabu ya karani, sitini na mitatu kwa hesabu ya mama yake.

Jumapili tarehe 5 Machi 2017, baada ya ibada, alisimama karibu na birika la chai kwenye ukumbi huu tunaoukodi, akapendekeza jambo ambalo tangu hapo likaitwa zamu. Katika ushirika wetu walikuwepo, na wapo, watoto ambao karatasi za ukaazi za wazazi wao zinasubiriwa miaka nenda rudi, na wengine ambao karatasi zipo lakini mama hajui Kiingereza cha daktari, au baba yuko kiwandani na hapati ruhusa. Marehemu alitaka kila familia ishike siku yake, mtoto akiwa na miadi, mwenye zamu amchukue kwa gari pamoja na mama yake, atafsiri, akae nao hadi mwisho, apitie famasi, na asiondoke mpaka dawa imefika mezani nyumbani. Familia thelathini na moja ziliandika majina, karatasi ikabandikwa ukutani, na kwa miaka mitano, tunaweza kusema bila kutia chumvi, hakuna mtoto wa ushirika huu aliyekwenda kwa daktari peke yake na mama anayetetemeka.

Mwezi wa tano mwaka 2023 zikaanza habari za mswada wa kupanua bima ya afya ya watoto inayogharamiwa na serikali, ili watoto wote wa chini ya miaka kumi na minane, hata wale ambao wazazi wao bado wanasubiri karatasi, wapewe dawa, meno na miwani kwa kadi moja. Katika mtaa wetu kikaundwa kikundi cha kuupinga, Majirani Kwanza, walimu wastaafu, madereva wa malori, akina mama wa makanisa, watu waliokutana Alhamisi jioni kwenye chumba cha chini cha maktaba wakiwa na kahawa yao kwenye chupa, na mmoja wao alibisha hodi kwa marehemu akamwuliza maoni yake. Marehemu alimwambia Mama Generoza usiku huohuo kwamba tangu afike nchi hii ameulizwa mara nyingi anatoka wapi, ila hii ndiyo mara ya kwanza kuulizwa anafikiri nini. Alijiunga wiki iliyofuata, akapewa ubao wa kuandikia na fulana ya bluu iliyomzidi, na kwa miezi kumi na sita alitembea nyumba kwa nyumba, Pickering na Ajax, mvua na theluji, akakusanya sahihi 1,140, nyingi kuliko mwanakikundi mwingine yeyote.

Nyumbani jambo hili halikuwa jepesi. Prudence, ambaye ni mhudumu wa wodi hospitalini na aliyeona mengi, alikuwa upande wa mswada. Rafiki yake wa karibu, Bwana Ghulamabbas, mfamasia wetu, mzaliwa wa Tabora mjini, ambaye marehemu hakuwahi kumwita kwa jina lake bali kwa jina la mji wake, naye alikuwa upande huohuo, na wateja wa famasi ile wanakumbuka jinsi wazee hawa wawili walivyotaniana kwenye kaunta.

"Bwana Zamu, leo umekuja kuchukua dawa au kuchukua sahihi?"

"Vyote viwili, Tabora."

"Dawa nitakupa. Sahihi subiri kwanza nichanganyikiwe."

"Wewe muuza dawa, lazima uipende bima."

"Na wewe mzee wa kanisa, lazima uwapende watoto. Kila siku naona mama anaangalia karatasi ya daktari, anaikunja, anaitia kwenye pochi, ananiambia atarudi. Nimesimama hapa miaka ishirini na mbili, sijaona aliyerudi."

"Huyo si wa ushirika wetu. Wetu wana zamu."

"Haya. Na asiye wa ushirika wenu?"

Bwana Ghulamabbas anasema kwamba siku ile marehemu alichukua dawa, akaaga, akafika mlangoni, akarudi kutaka kujibu, kisha akanunua pipi za kifua asizozihitaji, akaondoka.

Jumanne tarehe 22 Oktoba 2024 alikwenda mbele ya kamati ya bunge la jimbo, akiwa amevaa suti ya harusi ya Fabrice, akapewa dakika saba. Aliwasimulia Barabara ya Saba, ule ufunguo na yule mtoto, hakulia, kisha akawaambia kwamba yeye hapingi mtoto kutibiwa, anapinga watu wazima kusahau kazi yao, na maneno yake ya mwisho, kwa Kiswahili, ni haya: kanisani kwetu tuko familia thelathini na moja, mtoto akiugua tunamjua kwa jina, anayeshika zamu anafika, hatujamwacha hata mmoja, hatuhitaji kadi. Majirani Kwanza walimpigia makofi kwenye korido, video ikafika kwenye kundi la simu la ushirika kabla hajarudi Pickering, na familia zote thelathini na moja zilimtumia pongezi, ambazo bado zipo, zinasomeka.

Sasa familia inafika mahali ambapo marehemu aliagiza tusiparuke.

Jumanne tarehe 6 Mei 2025 zamu ilikuwa ya Prudence, kumpeleka kliniki ya pumu mtoto Ella, wa miaka sita, ambaye mama yake anasubiri karatasi tangu mwaka 2021. Prudence alikuwa ametoka kufanya zamu mbili mfululizo wodini, akakaa kitandani avue viatu, akaamka saa sita mchana. Alimpigia Mama Ella.

"Mama Ella, nisamehe, nisamehe sana, mimi nimelala."

"Unisamehe nini tena, Dada Prudence? Si ulimtuma Baba?"

"Sijamtuma mtu."

"Amekuja, saa mbili kasoro kumi yuko chini na gari. Kama kawaida."

"Kama kawaida gani?"

"Kila mtu humtuma Baba," Mama Ella akasema. "Mimi nilidhani ndivyo mlivyopanga."

Prudence alikwenda kwa baba yake jioni hiyo, akamkuta amesinzia kwenye kiti na viatu vyake, miguu imevimba, akashuka chini kutafuta beseni la kumlowekea, na ndani ya mlango wa kabati, juu ya mashine ya kufulia, akaona stika. Ni zile stika za karatasi ambazo hospitali humpa kila mgeni na kumwandikia tarehe. Ella, ambaye anakisikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, siku za miadi yake ndiye aliyekuwa akizibandua kwenye koti la babu na kuzibandika kwenye kofia ya babu, na babu akifika nyumbani alizihamishia pale, mistari kwa mistari, ya kwanza ikiwa ya tarehe 20 Septemba 2022. Mjukuu wake Inès baadaye alizihesabu mara mbili, akapata 214, akazilinganisha na karatasi za zamu, na kila stika ilikuwa na tarehe ya zamu ya mtu mwingine.

"Baba, hizi ni za nani?"

"Kila mtu ana siku yake mbaya, mama."

"Siku mbaya mia mbili?"

"Watu wamechoka, Prudence. Huyu amehamia Brampton, yule anafanya kazi usiku, yule mgongo. Nikiwaaibisha watayafuta majina yao kabisa."

"Lakini ulisimama mbele ya serikali ukasema wanafika."

"Nilisema ilivyokuwa."

"Ilivyokuwa lini?"

Mzee akaingiza miguu kwenye beseni.

Ndugu zetu wa familia thelathini na moja, mko humu ndani leo, isipokuwa mbili zilizohamia Alberta ambazo zinatufuatilia kwa simu. Asubuhi ya kila miadi marehemu alikuwa akipita kuangalia kama gari la mwenye zamu limefika, na kila mmoja wenu alipigiwa naye, siku aliyochelewa au kusahau au kushindwa, na kila mmoja aliambiwa maneno yaleyale, nimekushikia, usiwaze, tusiwasumbue wengine. Kila mmoja alishukuru, akaona aibu, akatunza siri, na kila mmoja aliamini kwamba aliyeanguka ni yeye peke yake na wenzake wote bado wamesimama. Mliiangalia karatasi ukutani kila Jumapili, majina yote yapo, tarehe zote zipo, watoto wote wamefikishwa. Prudence naye alikuwa hivyohivyo, kwa kuwa ile haikuwa mara yake ya kwanza, ilikuwa ya nne. Haya hayasomwi kumlaumu mtu, marehemu alisisitiza hilo mara mbili, yanasomwa kwa sababu alikuwa ameyabeba peke yake, na hakuona njia nyingine ya kuyatua ila mkiwa mmekaa mahali pamoja.

Afya yake ilianza kuyumba Januari 2025, pumzi fupi akipanda ngazi, miguu kuvimba, usingizi wa kukaa. Daktari wake alimpangia kumwona mtaalamu wa moyo tarehe 11 Februari, 27 Machi na 5 Juni, na miadi yote mitatu aliikosa, kwa sababu siku hizo tatu, kwa ushahidi wa mlango wa kabati, alikuwa kliniki za watoto. Mama Generoza alimwambia, Baba Prudence, wewe ni mgonjwa, naye akamjibu, mimi si mtoto, nitasubiri. Fabrice aliomba likizo akachukua zamu za Julai, Prudence alichukua nne za Agosti, lakini mzee aliendelea kutoroka na ufunguo wa gari, hata wakawa wanauficha, jambo ambalo lilimchekesha kwa uchungu. Tarehe 19 Septemba alianguka kwenye maegesho ya kliniki akiwa amemshika Ella mkono, akalazwa, ikagundulika kwamba moyo ulikuwa umeshindwa kusukuma damu kwa muda mrefu, na tarehe 3 Oktoba akaruhusiwa kurudi nyumbani, akiwa anajua, na sisi tukijua, kwamba hatatoka tena sana.

Katika wiki hizo Prudence alimwomba jambo moja tu, aondoe jina lake kwenye upinzani wa mswada kabla haujapigiwa kura, na walibishana siku tatu, kwa sauti za chini, kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kubishana kwa sauti kubwa. Mwishoni alimwambia, "Nimesema uongo kuhusu zamu, mwanangu, sijasema uongo kuhusu ufunguo." Tarehe 14 Oktoba alimwita Inès na kompyuta, akamwamuru aandike barua kwa kamati, ambayo imepokelewa na kujibiwa kwa mistari miwili, na ambayo inasema kwamba alipotoa ushahidi tarehe 22 Oktoba 2024 aliwaambia kuwa familia thelathini na moja zinashika zamu, kwamba hilo lilikuwa kweli hadi Septemba 2022 na si kweli baada ya hapo, kwamba tangu hapo mtu alikuwa mmoja naye anakufa, na kwamba bado anaogopa mlango ambao ufunguo wake uko kwa mtu asiyewajua watoto, ila anaomba watakapopiga kura wasimhesabu Ella miongoni mwa walio na wa kuwatunza. Sahihi yake kwenye ubao wa Majirani Kwanza hakuifuta. Familia haitasema zaidi ya hapo kuhusu mswada, kwa kuwa hata ndani ya nyumba hatujakubaliana, na tumechoka.

Jumapili tarehe 26 Oktoba alisomewa historia hii. Marekebisho yake ya kwanza yalikuwa mahali palipoandikwa kwamba alifanya haya kwa upendo, akasema paandikwe kwa upendo na kiburi. Ya pili yalikuwa idadi ya stika, akasema si 214, tatu zilianguka nyuma ya mashine ya kufulia, na Fabrice alipoisogeza mashine akazikuta, kwa hiyo idadi sahihi ni 217. Jumapili iliyofuata alizidiwa, akarudishwa hospitali, na Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Mama Generoza akiwa amemshika mguu na Prudence amemshika mkono, aliaga dunia. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja wa kiume, Ulyankulu, aliyebaki katika Barabara ya Saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa muuguzi wa asubuhi aliyekubali kumbandika marehemu stika ya mgeni ingawa alikuwa mgonjwa, kwa sababu aliomba. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa nyumba ya wazee, wenzake Prudence waliobadilishana naye saa za kazi, na Majirani Kwanza, mliosimama pale nyuma bila kuelewa neno, tafsiri ipo katika karatasi mlizopewa, mmeisoma, na bado mmesimama, na ndio mliotoa theluji mlangoni kwetu asubuhi ya leo bila kuombwa. Tunamshukuru Bwana Ghulamabbas, ambaye amefunga famasi yake siku ya Jumamosi kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tatu, na aliyeleta pipi za kifua mfuko mzima na kuziweka karibu na jeneza bila kutoa maelezo.

La mwisho ni tangazo. Kwenye meza iliyo mlangoni, kando ya kitabu cha rambirambi, kuna karatasi ya zamu kuanzia sasa hadi mwisho wa Januari, ina tarehe kumi na saba, na safari hii hatukunakili majina ya zamani bila kuwauliza wenyewe. Anayeweza aandike, asiyeweza asiandike, na aliyeandika akashindwa aseme mbele ya wote, siku hiyohiyo. Nafasi kumi na sita ziko wazi. Ya kwanza, Alhamisi tarehe 20 Novemba, saa mbili na robo asubuhi, mtoto Ella, ina jina tayari, aliliandika marehemu mwenyewe wiki yake ya mwisho nyumbani, na katika karatasi zote za miaka minane ni mara ya kwanza kwa jina lake kuonekana kwenye orodha. Hatukulifuta. Prudence ameomba ruhusa kazini, gari lina mafuta, na Mama Ella ameshaambiwa ni nani atakayekuwa chini saa mbili kasoro kumi.

Baba, tumekushikia, usiwaze. Pumzika kwa amani.